Chungu kimoja, sahani mbili: kupunguza uzito katika mji wenye njaa

Hapa Goma mtu akikonda anaulizwa maswali matatu. La kwanza: uko mgonjwa? La pili: kazi imekwisha? La tatu haliulizwi mbele yako. Linasemwa nyuma ya mlango, na kila mtu analijua. Mwanamke akinona, tunasema bwana wake anamtunza. Mwanaume akiwa na kitambi tunamwita patroni, hata kama ana deni katika kila duka la Birere. Kwa hiyo nilipoanza kupunguza uzito mwaka jana, ilinibidi kwanza niwaeleze jirani kwamba sikufukuzwa kwenye redio, sina ugonjwa wa kuficha, na mume wangu hajaoa mwingine.

Tangu nilipogusia jambo hili katika kipindi chetu cha asubuhi, wasikilizaji wengi wamepiga simu. Wengine wanataka kujua nilifanya nini. Wengine, hasa ndugu zetu waliohama vijiji vyao, wameuliza kwa haki kabisa: ni nani huyu anayehesabu chakula ili ale kidogo, wakati sisi tunahesabu ili tujue kama kitafika kesho? Ninaandika ili kuwajibu wote kwa pamoja, kwa sababu majibu yote mawili niliyapata ndani ya nyumba moja. Mwaka 2025 watu wawili walikonda kwangu: mimi niliyetaka, na mama mdogo ambaye hakutaka.

Kipimo

Nina miaka 36. Kazi ya redio watu wanaiona ni ya kutembea, lakini sehemu kubwa ni kukaa: kukaa kwenye pikipiki, kukaa mkutanoni, kukaa mbele ya kompyuta kukata sauti hadi usiku. Nilikwenda kituo cha afya kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kinaniuma kila asubuhi. Muuguzi akanipima tansiyo: 152 kwa 96. Akanipandisha kwenye mzani: kilo 91, kwa urefu wa mita 1 na sentimita 63. Akanieleza kwamba tansiyo ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo siku baada ya siku, inahesabiwa kuwa ya juu, na kwamba inaharibu moyo, figo na mishipa ya kichwa polepole, bila kelele.

Kisha akasema neno lililonipa nguvu. Hakuniambia niwe kama msichana wa miaka 18. Aliniambia kwamba mtu mnene akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, tayari tansiyo na sukari ya damu vinaanza kupata nafuu. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kilo 5 hadi 9, mzigo ambao mama yeyote wa Kituku anaubeba kichwani bila kulalamika. Basi nikajua ninachotakiwa kuushusha.

Neno tulilolijua kambini

Neno kalori sikulijifunza kwa daktari. Nililijifunza Bulengo na Kanyaruchinya, nikiwa na mikrofoni mkononi. Kila mgao wa chakula ulipotolewa, mashirika yalisema neno hilo. Kipimo wanachotumia kupanga msaada ni kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Ni wastani: mtoto mdogo anahitaji chini ya hapo, mwanaume anayesukuma chukudu lenye magunia anahitaji zaidi, na mama anayenyonyesha anahitaji karibu 500 juu ya chakula chake cha kawaida.

Kalori ni kipimo cha moto ambao chakula kinatoa ndani ya mwili, kama vile makaa yanavyotoa moto chini ya sufuria. Gramu moja ya unga mkavu au ya sukari inatoa karibu kalori 4. Gramu moja ya mafuta inatoa 9, zaidi ya mara mbili. Moto ukizidi kazi, mwili unaweka akiba. Moto ukipungua, mwili unakula akiba yake. Akiba ya kilo moja ya mafuta mwilini ni karibu kalori 7,700. Kwa hiyo mtu akipunguza kalori 500 kila siku kwa wiki nzima, anaweza kushuka karibu nusu kilo. Mwili unajitetea, kwa hiyo baada ya miezi mwendo unapungua. Lakini hesabu ya kuanzia ni hiyo.

Jambo lililonigusa ni kwamba kipimo ni kimoja. Wale wa lishe wanatoa kifuko cha Plumpy'Nut, kile cha karanga, maziwa, sukari na mafuta, kwa mtoto aliyedhoofika sana. Kifuko kimoja kina gramu 92 na kalori 500. Vitumbura vitatu nilivyokuwa ninakula saa nne asubuhi nikingoja kuanza mkutano na waandishi vilikuwa karibu na hizo hizo. Sisemi kitumbura ni dawa. Kifuko kina vitamini na madini ambayo kitumbura hakina. Ninasema tu moto ulikuwa sawa, na mimi sikuwa na baridi.

Nilichokula nje ya nyumba

Nilichukua kalamu na daftari la kazi nikaandika kila kitu kwa wiki moja. Nyumbani sikuwa ninakula vingi kuliko wengine. Tatizo lilikuwa njiani.

Chai vikombe vitatu kwa siku, kila kikombe vijiko vidogo vinne vya sukari: karibu kalori 190. Fanta mbili, moja mchana na moja jioni: karibu 280. Vitumbura vitatu: karibu 500. Jumla inakaribia 1,000, na bado sijagusa bugali. Siku za mwisho wa wiki, chupa kubwa ya bia iliongeza nyingine 300, na brosheti yake na ndizi za kukaanga sikutaka hata kuzihesabu.

Nikaanzia hapo. Sukari ilishuka kutoka vijiko vinne hadi viwili, baadaye kimoja. Wiki mbili za kwanza chai ilikuwa kama maji ya kuoshea vikombe, halafu ulimi ukazoea. Fanta nikaiweka kwa siku ya sherehe. Asubuhi nikawa ninakula nyumbani kabla ya kutoka: viazi vya kuchemsha au maharagi yaliyobaki ya jana, ambayo yanakaa tumboni hadi mchana. Pale ambapo barabara ni salama na jua bado liko juu, nikaacha pikipiki na kutembea. Kutembea kwa haraka nusu saa hakuchomi kalori nyingi kama watu wanavyodhani, kwa mwili kama wangu labda 150. Lakini kunashusha tansiyo na kunalaza usingizi mzuri, na usingizi mzuri unapunguza hamu ya sukari.

Sikununua chai za kupunguza tumbo zinazouzwa kwenye WhatsApp. Nyingi zinaharisha tu. Mzani unashuka kwa sababu maji yametoka, ukinywa maji unapanda tena, na figo zako ndizo zinazolipa. Katika mji ambao kipindupindu kinatutembelea mara kwa mara, kulipa pesa ili uharishe ni jambo la kushangaza.

Chungu kimoja

Sasa nyumbani. Mwezi wa pili mwaka 2025, baada ya vita kuingia mjini mwishoni mwa Januari, kambi za pembezoni zilibomolewa. Mama mdogo alitoka Bulengo na wajukuu wake watatu akaja kwetu. Tukawa watu tisa. Mabenki yalikuwa yamefungwa, mshahara ukawa hadithi. Wengi mnaosoma hapa mnaijua nyumba ya namna hiyo, kwa sababu mmepokea ndugu au mmepokelewa.

Katika nyumba ya namna hiyo huwezi kupika chungu chako cha kupunguza kilo. Ungekula nini? Samaki wako na kabichi yako pembeni, wakati watoto wanakutazama? Na kukataa chakula mbele ya mtu aliyelala njaa kambini ni kumtukana. Kwa hiyo chungu kilibaki kimoja. Nilichobadilisha ni sahani yangu.

Bugali langu likawa ukubwa wa ngumi yangu moja, si mbili. Nafasi iliyobaki nikaijaza lengalenga au kabichi, ambazo zinajaza tumbo na zina kalori chache sana. Maharagi sikupunguza, wala sambaza zinapopatikana, kwa sababu hizo ndizo zinazolinda nyama ya mwili wakati mafuta yanaondoka. Sombe ni nzuri, lakini mnajua tunavyoipika: mawese yanaelea juu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni karibu kalori 120. Mimi nilichota sombe kutoka chini ya sufuria. Mafuta ya juu yakaenda kwenye sahani za watoto, ambao wanayahitaji: tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kubeba bugali la kutosha, kwa hiyo kijiko cha mawese kinampa moto katika nafasi ndogo. Chumvi na vile vidonge vya mchuzi tulipunguza kwa wote, kwa sababu ya tansiyo yangu na ya mama mdogo.

Moyo

Watu wananiuliza: ulifanyaje ili usikate tamaa? Jibu langu ni kwamba sikujilaza njaa. Hapa ninataka kuwaeleza jambo lililotokea Marekani, kwa sababu linatuhusu sana sisi wa Kivu.

Mwishoni mwa vita vikuu vya pili vya dunia, mtaalamu aliyeitwa Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitaka kujua namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya waliokuwa wamekonda kwa njaa. Wanaume 36 wenye afya njema, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya imani au dhamiri, walijitolea. Kuanzia mapema mwaka 1945 walilishwa kwa wiki 24 karibu kalori 1,600 kwa siku huku wakitembea na kufanya kazi. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichowashangaza wataalamu ni vichwa vyao. Vijana wapole wakawa wakali. Waliacha kucheka, wakaacha kutaka wanawake, wakawa wanaota chakula na kulamba sahani. Wengine walikuwa wanakusanya vitabu vya mapishi. Hakuna aliyewaua ndugu zao wala kuchoma nyumba zao. Ilikuwa njaa peke yake.

Kwangu hilo lilimaanisha mambo mawili. La kwanza, anayepunguza uzito asijitese. Ukikata chakula nusu kwa ghafla, hasira na huzuni zitakuja, kisha siku moja utakula kila kitu kilichoko jikoni na kusema wewe ni dhaifu. Hapo ni mwili unaodai chakula chake. Punguza kidogo, kwa muda mrefu. Mimi nilipima uzito mara moja kwa wiki, siku ya Jumatatu, kabla ya kula. Nikienda kwenye kilio au kwenye ndoa, ninakula na watu, na kesho yake ninaendelea pale nilipoachia. Siku moja haijengi mwili wala haibomoi.

La pili ni kubwa zaidi. Tunapomwona mhami aliyekaa kimya siku nzima, au mama anayefokea watoto kwa jambo dogo, tunasema amebadilika tabia, au vita vimemharibu akili. Vita vinaharibu, kweli. Lakini kabla ya kumhukumu, tuulize amekula nini.

Sahani ya pili

Mwezi wa tano nilikuwa nimeshuka kilo 4. Jirani walikuwa wameshaanza kunong'ona. Siku moja mama mdogo akanishika mkono jikoni akasema, "Mwanangu, uko unakonda. Kama kuna shida, uniambie mimi." Nikamtazama aliyekuwa ananiuliza. Kitenge chake kilikuwa kimezungushwa kiunoni karibu mara mbili. Mimi nilikuwa ninaulizwa kila siku kwa nini ninakonda. Yeye hakuna aliyemuuliza. Kwa mhami, kukonda watu wanakuona kuwa ndiyo mavazi yake.

Usiku huo nilifanya hesabu ya chungu chote. Unga kilo 2 na nusu, maharagi makavu kilo 1, mafuta robo lita, sukari kidogo. Nilipata karibu kalori 15,000. Kwa watu tisa ni chini ya 1,700 kwa kila mtu, na hiyo ni kama kinagawanywa sawasawa. Lakini mama mdogo alikuwa anakula sahani moja na wajukuu wake. Kwa siku mbili nilitazama mkono wake: unaingia kwenye bugali, unamega, na tonge linakwenda kwa mtoto. Nilikadiria kwamba kwake hazikufika 1,000.

Nilimweleza. Akacheka. "Mimi nilishakula yangu ya maisha. Hawa ndio wanakua."

"Mama mdogo," nikamwambia, "ukianguka wewe, hawa watamlilia nani?"

Hakujibu, lakini asubuhi tulikwenda pamoja kituo cha afya. Kilo 43. Muuguzi hakukimbilia kusema ni njaa, na alifanya vizuri. Mtu anayekonda bila kukusudia lazima achunguzwe. Alimuuliza kama anakohoa zaidi ya wiki mbili, kama anatoka jasho usiku, kama ana homa, kwa sababu ya kifua kikuu. Alimuuliza kama ana kiu nyingi na anakojoa mara nyingi, kwa sababu ugonjwa wa sukari pia unakondesha. Walimpima damu na makohozi. Hakukuwa na ugonjwa. Ilikuwa sahani.

Basi tukabadilisha mambo matatu. Watoto wanapakuliwa kwanza, kwenye sahani yao. Mama mdogo anapakuliwa kwenye sahani yake peke yake, na anakula nikiwa nimekaa karibu naye. Na saa nne anapata uji wa unga wa mahindi wenye karanga za kusaga na kijiko cha mafuta. Pesa ya karanga ilitoka wapi? Ilitoka kwenye Fanta zangu mbili na vitumbura vyangu vitatu. Chakula kiliacha mwili ambao hakikuwa na faida kwake, kikaenda kwa mwili uliokihitaji. Hesabu ilikuwa ileile, daftari lilelile.

Kwa wenye kusoma haya

Kabla hujaanza kupunguza, jua kama unatakiwa kupunguza. Kama huna mzani, chukua uzi wenye urefu wako kutoka kisigino hadi utosi. Ukunje mara mbili. Jaribu kuuzungusha kiunoni, usawa wa kitovu. Ukikutana, mafuta ya tumbo si tatizo lako kubwa. Usipokutana, tumbo limezidi nusu ya urefu wako, na inafaa kupimwa tansiyo na sukari. Kipimo hiki si cha mama mjamzito.

Mjamzito asipunguze. Anayenyonyesha asikate chakula bila ushauri. Mtoto asikatwe chakula. Anayekunywa dawa za kifua kikuu au za VVU ale ashibe. Na wewe mwenye dawa za tansiyo au sukari, usiziache kwa sababu kilo zimeshuka. Rudi kwa aliyekuandikia.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, wahudumu wa afya wana ule utepe wa kupima mkono. Rangi ya kijani ni salama. Njano, kati ya sentimita 11.5 na 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Utazame na miguu: ukibonyeza kwa kidole na shimo likabaki kwenye miguu yote miwili, hilo ni bwaki, hata kama mtoto anaonekana amenona. Mama yeyote anaweza kufundishwa kutumia utepe huo, hata ambaye hakusoma. Omba ufundishwe.

Mimi leo nina kilo 83. Tansiyo yangu ya mwisho ilikuwa 136 kwa 86, na muuguzi ananitaka niendelee polepole. Mama mdogo ana kilo 48. Bado anaificha nyama kidogo pembeni mwa sahani kwa ajili ya mjukuu mdogo, na mimi ninajifanya sijaona, mradi bugali limeisha. Anangoja barabara ya Masisi itulie arudi kuangalia shamba lake la viazi, kama bado lipo.

Kama kwako kuna watu wengi na chungu kimoja, jioni hii usiangalie sahani yako tu. Tazama ni nani anayemega na kuwapa wengine, ukamwekee yake pembeni.